Kitabu, Skrini na Mazungumzo ya Watazamaji

Utangulizi

Watu wanapomaliza kutazama tamthilia iliyotokana na kitabu, neno la kwanza kusikika huwa karibu lile lile kila mahali: kitabu ni kizuri zaidi. Mwingine hujibu kwamba yeye kitabu hakukisoma, lakini tamthilia imemtoa machozi. Wa tatu hulalamika kwamba mwigizaji hafanani kabisa na mtu aliyemjenga moyoni mwake alipokuwa akisoma. Mazungumzo ya namna hii hufanyika sebuleni, mabwenini, safarini, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Aghalabu huishia pale pale yalipoanzia, kila mtu akibaki na maoni yake.

Makala hii inakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni kile kinachotokea kitabu kinapohamishwa kutoka kurasani hadi kwenye skrini. La pili ni kazi ambayo mazungumzo ya watazamaji yanaweza kuifanya endapo yatapewa mwelekeo. Hoja yetu ni kwamba swali la kama tamthilia imekifuata kitabu au la ni swali halali, lakini halitoshi. Uaminifu kwa kitabu si lazima uwe uaminifu kwa ukweli. Mtazamaji anayepima skrini kwa kitabu peke yake anaweza kuisifu kwa kurudia kosa, au kuilaumu kwa kulisahihisha.

Mfano wetu mkuu ni Roots, tamthilia ya Marekani ya mwaka 1977. Tutataja pia Holocaust, iliyooneshwa Marekani mwaka 1978 na Ujerumani Magharibi mwaka 1979, pamoja na filamu ya Kitanzania ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021. Lakini tuanze na filamu ambayo washarika wengi wamekwisha kuiona.

1. Skrini haiwezi kunyamaza

Mwaka 1979 ilitolewa filamu iitwayo Jesus, ambayo msingi wake ni Injili ya Luka. Iliongozwa na Peter Sykes na John Krish, ikapigwa katika nchi ya Israeli, na nafasi ya Yesu ikachezwa na Brian Deacon, mwigizaji wa Kiingereza. Tangu wakati huo imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo. Vijijini imeoneshwa usiku uwanjani, kwa jenereta na kitambaa cheupe, mbele ya watu ambao wengine walikuwa hawajapata kuona filamu yoyote.

Watengenezaji wake walijitahidi sana kuyafuata maandiko. Maneno ya Yesu katika filamu hiyo yametolewa kwa sehemu kubwa sana katika Luka mwenyewe. Ikiwa kuna filamu inayostahili kuitwa yenye uaminifu kwa kitabu chake, hii ni mojawapo. Hata hivyo kuna jambo ambalo Luka hakuliandika na ambalo filamu haikuweza kuliacha: uso. Luka hasemi lolote juu ya urefu wa Yesu, rangi ya nywele zake, wala sauti yake. Mwandishi anaweza kunyamaza juu ya mambo hayo yote na bado simulizi likakamilika. Mpiga picha hawezi. Mara tu mtu anaposimama mbele ya kamera, ana uso fulani, ngozi ya rangi fulani na sauti fulani. Kwa maelfu ya watazamaji uso huo ukawa ndio uso wa Yesu, ingawa hakuna mwinjili aliyeuchora.

Hapa ndipo pa kuanzia. Kuhamisha kitabu si kama kuhamisha maji kutoka chombo hiki kwenda kile. Kitabu humwachia msomaji nafasi nyingi za kujaza mwenyewe, nayo skrini huzijaza nafasi hizo kwa niaba yake. Kwa hiyo hata pale ambapo hakuna neno lililobadilishwa, jambo limeongezwa. Mtazamaji anayesema kwamba filamu hii haikuongeza chochote hajaitazama vizuri. Naye anayesema kwamba imeharibu kitabu kwa kuwa imeongeza, anaidai skrini jambo isiloliweza. La kuuliza ni kilichoongezwa ni nini, na kinamwelekeza mtazamaji wapi.

2. Roots: kilichofupishwa na kilichoongezwa

Alex Haley alizaliwa mwaka 1921, akalelewa katika mji mdogo wa Henning, Tennessee, akatumikia miaka ishirini katika Walinzi wa Pwani wa Marekani kabla ya kuishi kwa kalamu yake. Mwaka 1976 alitoa kitabu chake Roots. Kinasimulia habari za ukoo wa mama yake kuanzia kijana wa Kimandinka, Kunta Kinte, aliyezaliwa mwaka 1750 huko Juffure nchini Gambia, akatekwa mwaka 1767 na kupelekwa utumwani Marekani. Kitabu kina sura 120. Miezi michache baadaye, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Januari 1977, kampuni ya televisheni ya ABC iliionesha tamthilia yake kwa usiku nane mfululizo. Inakadiriwa kwamba usiku wa mwisho ulitazamwa na watu wapatao milioni 100, katika zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani zilizokuwa na televisheni.

Sasa tuviweke viwili hivyo pamoja. Katika kitabu, zaidi ya robo ya sura zinapita Afrika kabla Kunta hajatekwa. Msomaji hukaa Juffure muda mrefu. Huona njaa ya kabla ya mavuno, watoto wakichunga mbuzi, vijana wakifundishwa Kurani na mwalimu wa kijiji, jando, na mashauri ya wazee. Kunta anapokamatwa, msomaji anajua hasa kinachoporwa, maana ameishi ndani yake. Katika tamthilia, Kunta anazaliwa, anakua na kutekwa katika usiku wa kwanza. Ufupisho huo unaeleweka: kila saa ya tamthilia hugharimu fedha, na watazamaji waliolengwa walikuwa Wamarekani. Lakini matokeo yake ni kwamba Afrika, iliyokuwa nyumba katika kitabu, imekuwa kizingiti katika skrini.

Badiliko la pili ni zito zaidi. Katika kitabu, safari ya baharini tunaiona kwa macho ya Kunta, kutoka gizani chini ya sitaha. Anawasikia wazungu wakisema, lakini haelewi, na kwa kuwa yeye haelewi, msomaji naye hupewa makelele tu. Tamthilia ilimwongeza Kapteni Davies, aliyechezwa na Edward Asner. Jina la nahodha huyo limo katika kitabu, pale Haley anapoeleza utafiti wake mwishoni, lakini nafsi yake ni kazi ya skrini. Ni mcha Mungu, ni mara yake ya kwanza kubeba watumwa, na dhamiri yake inamsumbua. Anasikitika, kisha anaendelea na safari.

Mtu huyu aliingizwa kwa sababu gani? Watengenezaji hawakuficha kwamba walihofia kuwapoteza watazamaji weupe. Walichagua kwa makusudi waigizaji weupe ambao tayari walikuwa wamezoeleka na kupendwa katika televisheni, na kumpa mtazamaji mweupe mtu wa kusimama naye ndani ya merikebu ile. Tazama basi linalotokea. Katika kitabu msomaji yeyote, awe wa rangi gani, hana pa kusimama ila kando ya Kunta, amefungwa mnyororo na kutengwa na lugha. Katika tamthilia mtazamaji hupanda juu sitahani, huelewa lugha ya nahodha, na huhurumia moyo wake unaoteswa. Amepewa mlango wa kutokea.

Kwa wasomaji wa jarida hili nahodha huyu anastahili kuangaliwa zaidi. Hakuongezwa mtu mkatili. Ameongezwa mtu wa dini. Inawezekana kuiona nyongeza hiyo kuwa faraja ya bei rahisi, kana kwamba kusikitika kunampunguzia mtu hatia. Inawezekana pia kuiona kuwa mashtaka makali, kwamba biashara ile iliendeshwa na watu waliosali, na kwamba sala haikuigeuza merikebu. Watazamaji wawili wenye nia njema wanaweza kugawanyika hapa, na mgawanyiko wao una faida kuliko ubishi juu ya kitabu na skrini kipi ni kizuri zaidi.

Wala si haki kutaja ufupisho na nyongeza bila kutaja faida. Kitabu husomwa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Tamthilia iliwakalisha wazazi na watoto, weusi na weupe, mbele ya jambo moja katika usiku mmoja, na kesho yake wote walikuwa na jambo moja la kuzungumza kazini na shuleni. Wapo waliohofia ghasia. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 1978 ulionesha kwamba jibu lililotawala kwa watazamaji weusi na weupe lilikuwa huzuni, wala si hasira. Watu wengi walianza kuwauliza wazee wao habari za ukoo, na barua za kutafuta kumbukumbu za mababu ziliongezeka katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Jambo hili kitabu peke yake hakingeweza kulifanya kwa haraka namna ile.

3. Kitabu nacho kina mahali kilikotoka

Mpaka hapa tumepima skrini kwa kitabu. Lakini Roots inatulazimisha kwenda hatua moja nyuma, maana kitabu nacho kilidai kueleza mambo yaliyotokea kweli. Haley mwenyewe alisema kwamba amechanganya ukweli na ubunifu: mifupa ya habari aliipata katika utafiti, nyama akaijaza yeye. Wasomaji wengi hawakuisikia tahadhari hiyo.

Mashaka yalikuja mapema. Mwezi Aprili 1977 gazeti la Sunday Times la London lilichapisha uchunguzi wa Mark Ottaway, uliotilia shaka ushuhuda wa mzee wa Gambia ambao Haley aliutegemea. Mwandishi Harold Courlander naye alimshtaki Haley kwamba alinakili sehemu za riwaya yake The African ya mwaka 1967. Kesi iliisha kwa mapatano. Haley alikiri kwamba vifungu kutoka riwaya hiyo vimeingia katika kitabu chake, na akalipa dola 650,000. Mwaka 1981 wataalamu wa nasaba Gary B. Mills na Elizabeth Shown Mills walionesha kwamba mtumwa aitwaye Toby, ambaye Haley alimtambua kuwa ndiye Kunta, anatajwa katika kumbukumbu za Virginia miaka kadhaa kabla merikebu Lord Ligonier haijafika Annapolis mwaka 1767.

Jambo jingine lahusu Juffure yenyewe. Katika kitabu ni kijiji kilichojitenga, ambacho wazungu ni uvumi wa kutisha kutoka mbali. Katika historia, Juffure ilikuwa kando ya Mto Gambia, karibu na ngome ya Waingereza iliyokuwa katika kisiwa cha James, ambacho tangu mwaka 2011 kinaitwa Kisiwa cha Kunta Kinteh. Wenyeji wa mahali hapo walikuwa wamezoea wafanyabiashara wa kizungu kwa vizazi kadhaa. Tamthilia ya mwaka 1977 ilikifuata kitabu, ikaonesha kijiji kisicho na hatia. Mwaka 2016 Roots ilitengenezwa upya na kuoneshwa kwa usiku nne. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo alikuwamo LeVar Burton, aliyemcheza Kunta kijana mwaka 1977. Tamthilia hii ya pili ilimsikiliza mwanahistoria, ikaonesha Juffure kuwa mji wenye shughuli na biashara.

Basi ipi kati ya hizo mbili ni aminifu? Tukipima kwa kitabu, ni ile ya kwanza. Tukipima kwa historia, katika jambo hili ni ile ya pili. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba vitu vya kupimwa ni vitatu, si viwili: tukio, kitabu na skrini. Kati ya tukio na kitabu kuna mkono wa mwandishi, na kati ya kitabu na skrini kuna mikono mingi zaidi, pamoja na mfuko wa fedha na saa ya ukutani. Kila hatua inaweza kuongeza kosa, lakini kila hatua inaweza pia kulisahihisha.

Je, kwa makosa haya Roots yote itupwe? La. Kwamba nasaba moja haikuthibitika hakuondoi ukweli kwamba mamilioni walivushwa bahari katika minyororo. Lakini ukubwa wa ukweli huo nao haumpi mwandishi ruhusa ya kunakili kazi ya mwenzake, wala kusema amethibitisha asilolithibitisha. Mtazamaji makini hushika yote mawili, asiliachie moja kwa ajili ya jingine.

4. Watazamaji waliposema: Ujerumani Magharibi, 1979

Sasa tuyageukie mazungumzo yenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Ujerumani. Mwezi Aprili 1978 kampuni ya NBC ya Marekani ilionesha kwa usiku nne tamthilia iitwayo Holocaust, iliyoandikwa na Gerald Green. Inasimulia maangamizi ya Wayahudi kwa njia ya familia mbili za kubuni: familia ya Weiss, daktari Myahudi wa Berlin, na familia ya Dorf, mwanasheria anayepanda cheo katika jeshi la SS. Hapa kitabu na skrini vilienda pamoja, kwa kuwa Green aliitoa hadithi hiyo pia kama riwaya mwaka ule ule.

Tamthilia hii ilishambuliwa tangu siku ya kwanza. Elie Wiesel, aliyenusurika Auschwitz, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba imelidunisha jambo lisiloweza kuigizwa. Lilikuwa shauri zito kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulisema. Huko Ujerumani Magharibi watu wa televisheni walibishana kama inafaa kuoneshwa, na hatimaye ikapelekwa kwenye stesheni za tatu za shirika la ARD, ambazo kwa kawaida hazikuwa na watazamaji wengi. Siku chache kabla, ilipooneshwa filamu ya maelezo juu ya jambo hilo hilo, watu wa siasa kali za kulia walilipua mitambo ya kurushia matangazo.

Tamthilia ilirushwa tarehe 22, 23, 25 na 26 Januari 1979. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 20 waliona angalau sehemu moja. Lakini jambo la kutuhusu hapa ni lililofuata kila sehemu. Matangazo hayakufungwa. Katika studio walikaa wanahistoria na watu walionusurika, na watazamaji wakaalikwa kupiga simu. Simu zaidi ya 30,000 zilipigwa. Vijana waliuliza kwa nini hawakuambiwa. Wengine walikana na kutukana. Wapo waliokuwa askari wakati wa vita, ambao sasa walieleza waliyoyaona kwa macho yao baada ya kunyamaza zaidi ya miaka thelathini.

Ni vema kuona kwamba simu nyingi hazikuwa juu ya sanaa. Tamthilia, pamoja na udhaifu wake, ilikuwa imefungua kinywa, na watu waliokuwa studioni wakaweza kutenganisha kilichobuniwa na kilichotokea. Lawama ya Wiesel na manufaa ya usiku ule vyote viwili ni kweli. Pasipo mazungumzo yale, lawama yake huenda ingekuwa ndiyo neno la mwisho.

Wakati huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi lilikuwa na shauri la kuamua. Kwa sheria ya wakati ule, mauaji ya enzi ya Hitler ambayo hayajafunguliwa mashtaka yasingeweza kushtakiwa tena baada ya mwisho wa mwaka 1979. Tarehe 3 Julai 1979 Bunge liliondoa ukomo wa muda kwa makosa ya kuua, kwa kura 255 dhidi ya 222. Shauri hilo lilikuwa limeanza kabla ya tamthilia, na isisemwe kwamba tamthilia ndiyo iliyopitisha sheria. Lakini wabunge walipiga kura katika nchi iliyokwisha kuzungumza.

5. Karibu nasi: Vuta N'kuvute

Roots ilipooneshwa mwaka 1977, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa muda mrefu, basi, sisi tulikuwa watazamaji wa vitabu vya watu wengine. Mwaka 2021 jambo tofauti lilitokea. Mwongozaji Amil Shivji alitoa filamu ya Kiswahili kutoka riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, nayo ikaoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwezi Septemba mwaka huo.

Riwaya hiyo inasimulia Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Yasmin, binti wa asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima kuliko yeye, anamkimbia mumewe. Anakutana na Denge, kijana mpinga ukoloni anayewindwa na polisi. Riwaya ina nafasi ya kumfuata Yasmin nyumba kwa nyumba, kutoka Unguja hadi Mombasa na kurudi. Filamu yenye muda wa kama saa moja na nusu imechagua mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati zinazoyazunguka. Mengi yameachwa. Hata hivyo skrini imerudisha kitu ambacho ukurasa hauwezi kukitoa: lahaja ya Unguja ikisemwa, vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, na sauti ya kuimba. Nafasi ya Mwajuma, rafiki ya Yasmin, ilichezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji.

Watazamaji wa filamu hii wana sifa yao ya pekee. Wengi wa Watanzania walioisoma riwaya waliisoma kidato cha tano na cha sita, kwa ajili ya mtihani. Wanayajua dhamira na wahusika kama majibu. Mtu wa namna hiyo huweza kukaa mbele ya skrini na kalamu nyekundu kichwani, akihesabu yaliyokosekana. Lakini filamu inaweza pia kumrudishia riwaya iliyomtoka siku aliyotoka kwenye chumba cha mtihani. Akiuliza kwa nini mwongozaji ameanzia hapa na kuishia pale, atajikuta anakisoma kitabu upya, safari hii bila kusimamiwa na mtu.

6. Maswali ya kuongoza mazungumzo

Kutokana na mifano hii yaweza kutolewa maswali manne ya kumsaidia mwalimu, mchungaji au kiongozi wa vijana anayeketi na watu baada ya kutazama.

La kwanza: kimeachwa nini, na kwa sababu gani? Kuna yanayoachwa kwa ufinyu wa muda, na kuna yanayoachwa kwa sababu yangemchoma mtazamaji. Tusiyachanganye.

La pili: kimeongezwa nini, na kinamnufaisha nani? Swali hili ndilo linalomfichua Kapteni Davies. Mtazamaji ajiulize amewekwa asimame wapi, na ni nani anayeelewa maneno yake.

La tatu: kitabu chenyewe kilitoka wapi? Kama kinadai kueleza mambo ya kweli, waulizwe pia wanahistoria na wenyeji wa mahali panaposimuliwa.

La nne: tamthilia imetufanya tutake kusema nini ambacho hatukuwahi kukisema? Jibu la swali hili halitapatikana katika kitabu wala katika skrini. Lipo kwa watu waliokaa chumbani.

Njia ya kuyajibu maswali haya imo katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoieleza amri ya nane. Hatosheki na kukataza ushuhuda wa uongo. Anataka pia jirani atetewe, na matendo yake yafafanuliwe kwa upande ulio mwema. Katika mazungumzo yetu majirani ni wengi. Yupo mwandishi, ambaye asihukumiwe kwa filamu ambayo hakuitengeneza. Yupo mwongozaji, ambaye asiitwe mharibifu kabla sababu zake hazijatafutwa. Na wapo watu ambao habari zao zinaigizwa, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Hao hawawezi kupiga simu studioni kusema kwamba mambo hayakuwa hivyo. Wema kwa mwandishi na mwongozaji usifike mahali pa kuwanyima wao haki ya kushuhudiwa kwa kweli.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuhamisha kitabu hadi kwenye skrini daima ni kuongeza na kupunguza, hata pale ambapo maneno yamehifadhiwa, kama katika filamu ya Luka. Tumeona katika Roots kwamba tamthilia inaweza kukiacha kitabu ili kumstarehesha mtazamaji, na inaweza kukiacha ili kuukaribia ukweli. Mtazamaji asiyeuliza hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Na tumeona Ujerumani kwamba kazi yenye kasoro inaweza kuzaa tunda jema iwapo watu hawakuachwa peke yao mara matangazo yalipokwisha.

Kwa hiyo anayewaandalia watu tamthilia au filamu shuleni, chuoni au usharikani asipange saa za kutazama peke yake. Apange na saa ya kuzungumza, na kitabu kiwe mezani, pamoja na mtu mmoja anayeijua historia ya jambo linalosimuliwa. Kama muda hautoshi kwa yote, ni afadhali kuonesha sehemu moja na kuizungumza kuliko kuonesha nane na kwenda kulala.